Yuko wapi, na alipo: mwongozo kamili wa kupanga maneno katika maswali ya Kiingereza yaliyo ndani ya sentensi

Jioni moja darasani kwangu, ghorofani huku Ganjoni, Mombasa, karani kijana wa bandarini alisimama akasoma sentensi aliyoiandaa kwa ajili ya usaili wa kazi: "Excuse me, sir, do you know where is the captain?" Matamshi safi, sauti imetulia, adabu tele. Wenzake wakampigia makofi. Nikamwomba alitoe neno "is" pale lilipo alipeleke mwisho kabisa. Akashangaa. "Mwalimu, si wewe mwenyewe uliyetufunza kwamba kwenye swali is hutangulia?"

Ni kweli, nilimfunza hivyo, na nilimfunza sawa. Ila sentensi yake ina swali ndani ya swali, na lile la ndani lina sheria zake. Sarufi huliita swali lisilo la moja kwa moja. Humu nitaliita swali la ndani, kwa ufupi.

Kosa lenyewe halimzuii mtu kueleweka. Afisa wa meli angemwonyesha nahodha bila shida. Tena huko duniani wako wanaozungumza Kiingereza tangu utotoni na kupanga maneno kama yule kijana: Ireland ni kawaida kusikia "I asked him was he ready", na India "I don't know what is he doing". Kwa hivyo asikuaibishe mtu. Lakini kwenye barua ya maombi ya kazi, kwenye usaili wa hoteli za Nyali, kwenye mtihani wa shule wa kuandika sentensi upya, mpangilio huo huhesabiwa kosa, na ni kosa linalorudi mara nyingi kwa sababu sisi hutumia maswali ya ndani kila tunapotaka kuwa na adabu. Nimewaona vijana wenye Kiingereza kizuri wakipoteza alama papo hapo, nikaona heri nikae niliandike jambo hili lote, tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza: jua ulimi wetu wateleza wapi

Chukua swali la Likoni, la kila siku: "Feri yaondoka saa ngapi?" Sasa litie ndani ya sentensi nyingine: "Wajua feri yaondoka saa ngapi?" Hakuna kilichosogea. Kiswahili hulichukua swali zima lilivyo, kikalibandika "wajua", "niambie", "sijui", "aliniuliza" mbele yake, basi.

Kiingereza hakifanyi hivyo. "What time does the ferry leave?" ukilitia ndani huwa "Do you know what time the ferry leaves?" Hapo mambo matatu yametokea kwa mpigo: "does" imetoweka, "the ferry" imekwenda mbele ya kitenzi, na "leave" imeota "s". Mswahili anayefikiri kwa Kiswahili hana sababu ya kutarajia hata moja kati ya hayo. Ndiyo maana tunasema "Do you know what time does the ferry leave?" bila hata kuhisi kasoro.

Hata hivyo lugha yetu ina njia ya pili, nayo hutusaidia sana. Linganisha "Sijui yuko wapi" na "Sijui alipo". Maana ni moja, lakini "yuko wapi" ni swali, na "alipo" si swali tena. "Alipo" ni jina la mahali. Ukisimama barabarani ukamwambia mtu "Alipo?" atangoja umalizie.

Lipasue neno "alipo" uone lilivyofungwa: a, li, po. A ni yeye, li ni kitenzi cha kuwa, po ni mahali. Yeye kwanza, kitenzi baadaye. Kiingereza hufanya vivyo hivyo, isipokuwa ile po huivuta ikaja mbele: "where he is". "Where" ni po, "he" ni a, "is" ni li. Mtu akitangulia, kitenzi kikafuata, umeshapata mpangilio wa swali la ndani.

Kipimo hiki hufanya kazi karibu kila mahali. Alikokwenda ni "where he went". Atakapofika ni "when she will arrive". Anavyopika ni "how she cooks". Alichosema ni "what he said". Ukiweza kuligeuza swali lako likawa neno la namna hiyo, lenye po, ko, cho au vyo, basi kwa Kiingereza mtenda, yaani mtu au kitu chenye kitenzi, atangulie.

Nionye jambo moja hapa, maana nimeliona likiwaponza wanafunzi waliokwisha kukielewa kipimo hiki. Sisi husema "sijui nahodha alipo" na pia "sijui alipo nahodha", zote sawa. Ile ya pili ukiifuata neno kwa neno utarudi kule kule kwa "where is the captain". Kiingereza hukubali ya kwanza tu: nahodha, kisha alipo.

Hatua ya pili: hodi hupigwa mlango wa nje

Ukienda kwa mtu Mji wa Kale, hodi waipiga pale kwenye mlango wa mbele, ule mzito wa nakshi. Ukishakaribishwa ukapita ukumbini, hupigi hodi tena mlango wa chumba ulichoingizwa na mwenyeji.

Sentensi yenye swali la ndani ina milango miwili hiyo. Wa nje ni maneno kama "Could you tell me", "Do you know", "Can you remember", "Have you any idea". Wa ndani ni lile jambo unalotaka kulijua. Hodi ya Kiingereza ni kule kukitanguliza kitenzi kisaidizi mbele ya mtu: "could you" badala ya "you could", "do you" badala ya "you". Katika "Could you tell me where the captain is?" hodi imeshapigwa na "could you". Ukisema "Could you tell me where is the captain?" umepiga hodi mara mbili kwa ziara moja.

Kuna milango ya nje isiyopigwa hodi hata mara moja: "I wonder", "I'm not sure", "I'd like to know", "I can't remember", "Please tell me", "She asked me". Hizi si maswali kwa umbo, ni kauli au ombi. Na ndani yake mpangilio ni ule ule, mtu kwanza.

Kabla hujasema neno, basi, jiulize mlango wako wa nje ni upi. Mwenye kuujua mlango wa nje huishia kuupata na wa ndani.

Hatua ya tatu: maswali yenye is, are, was, can, will, have

Haya ndiyo mepesi. Darasani sitii maneno ubaoni kwanza. Nakata boksi la majani chai vipande, naandika neno moja moja kwa kalamu nene, namwekea mwanafunzi mezani. Kwa yule karani niliweka vitatu: WHERE, IS, THE CAPTAIN. Nikampa cha nne, kirefu, DO YOU KNOW, akiweke mwanzo. Kisha nikamwambia asiguse chochote isipokuwa kipande kimoja. Mkono wake ukaenda kwa IS, ukakivuta taratibu juu ya meza, ukakipitisha nyuma ya THE CAPTAIN. Akasoma: "Do you know where the captain is?" Kufanya kwa mkono kuna faida yake. Mwili hukumbuka ule mvuto.

Jaribu na haya. "Where can I buy a ticket?" huwa "Could you tell me where I can buy a ticket?" "How long have you been waiting?" huwa "I'd like to know how long you have been waiting." "Why are they laughing?" huwa "I don't know why they are laughing."

Penye vitenzi viwili au vitatu vilivyofuatana, anayehama ni wa kwanza peke yake. "When will the container be released?" ina "will", ina "be", ina "released". Sogeza "will" tu, iende ikaungane na wenzake: "Do you know when the container will be released?" Wako wanaoipeleka "will" mwisho kabisa wa sentensi, kwa kuwa walizoea kuiona "is" ikikaa mwisho. "Is" ilikaa mwisho kwa sababu ilikuwa peke yake, haina mwenzake wa kuungana naye.

Na ikiwa peke yake mwisho, usiifupishe. "He's late" ni sawa, lakini "I don't know where he's" hakuna asemaye. Sema "where he is", na "is" hiyo itamke kamili.

Pagumu ni pale mtenda anapokuwa mrefu. "Where is the office of the clearing agent?" ina mtenda wa maneno sita: the office of the clearing agent. Sharti yapite yote sita ndipo "is" ije: "Can you tell me where the office of the clearing agent is?" Ulimi huingiwa na haraka, huona "where" imeachwa upweke, hutaka kuisogezea "is" mapema. Vumilia. Nawafunza wanafunzi wavute pumzi moja kuanzia "where" mpaka "is", kama mtu abebaye sinia la chai: halitui mpaka lifike mezani.

Hatua ya nne: maswali yenye do, does, did

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mfikirie hamali wa Marikiti. Mzigo si wake, ni wa mwenye bidhaa, yeye hubeba tu. "Do", "does" na "did" ni mahamali wa Kiingereza. Huitwa swali linapohitaji kisaidizi cha kutanguliza, na wanapofika huchukua mzigo wa kitenzi kikuu. "Does" hubeba ile "s". "Did" hubeba wakati uliopita. Ndiyo maana katika "Where does she live?" kitenzi "live" hakina "s", na katika "When did the ship dock?" neno "dock" halina "ed". Mzigo uko begani kwa hamali.

Sasa, swali la ndani halipigi hodi, kwa hiyo hamali hahitajiki. Mpe ruhusa aende. Lakini haondoki na mzigo wa watu! Huutua, na kitenzi kikuu huubeba chenyewe.

"Where does she live?" huwa "Do you know where she lives?" Does kaenda, "s" imerudi kwa "live".

"When did the ship dock?" huwa "Could you tell me when the ship docked?"

"What did he say?" huwa "I didn't hear what he said."

"Where did they go?" huwa "Nobody knows where they went." Hapa uangalie zaidi, maana wakati uliopita wa "go" ni "went", na hamali alipokuwa amebeba hukuuona uso wake. Vitenzi vya aina hii, kama buy na bought, take na took, leave na left, huwaumbua hata waliosonga mbele.

"Do" yenyewe haina mzigo wowote. "Where do the tuk-tuks park?" huwa "where the tuk-tuks park", ukiiondoa hakuna cha kurudisha.

Makosa ya hatua hii ni ya namna mbili. Wa kwanza humwacha hamali palepale: "Do you know where does she live?" Wa pili humfukuza pamoja na mzigo: "Do you know where she live?" Huyu wa pili ameshafika nusu ya safari, nami humpongeza kabla ya kumsahihisha.

Hamali hubaki mahali pamoja tu: penye kukanusha. "Why didn't the driver stop?" huwa "I don't understand why the driver didn't stop." Amebaki kwa sababu "not" nayo ni mzigo, na kitenzi kikuu cha Kiingereza hakikubali kuubeba. Kasogea tu nyuma ya dereva. Na swali "What do you do?" ukiligeuza, "do" ya kwanza ni hamali, ya pili ndiyo kitenzi: "May I ask what you do?"

Mahamali hawa hawakuwako tangu zamani. Katika karne ya 16 matumizi ya "do" kwenye maswali yalikuwa yakienea, na zama za Shakespeare, aliyeishi kati ya 1564 na 1616, mtu aliweza kuuliza kwa "do" au kwa kukitanguliza kitenzi chenyewe, kama "What say you?" Wanafunzi wangu hupenda kulisikia hili. Hupata faraja kujua kwamba hata Waingereza wenyewe walichukua muda mrefu kuafikiana.

Hatua ya tano: nani kafanya?

Kuna maswali yasiyobadilika hata kidogo. "Who called?" ukilitia ndani hubaki "Do you know who called?" "What happened?" huwa "Tell me what happened." "Which matatu goes to Bamburi?" huwa "Could you tell me which matatu goes to Bamburi?"

Sababu ni kwamba "who", "what" na "which matatu" hapo ndio watenda wenyewe. Mtu yuko mbele tayari, hakuna wa kumtanguliza. Kiswahili husema aliyepiga, kilichotokea, iendayo: yule anayeulizwa ndiye mwenye kitenzi.

Hebu uangalie hii, maana hufanana na zile nyingine: "Who is the manager?" huwa "Do you know who the manager is?" Waona meneja, wajua kuna meneja, wataka kujua ni nani. Mtenda ni "the manager", kwa hiyo hutangulia. Lakini "What is wrong?" hubaki "Tell me what is wrong", kwa kuwa hapo hakuna mtenda mwingine zaidi ya "what".

Hatua ya sita: maswali ya ndio au la

"Is the office open?" halina neno la kuulizia kama where au when. Ukilitia ndani unahitaji kiungo, na kwa bahati Kiswahili kinacho: kama. "Wajua kama ofisi iko wazi?" Kwa Kiingereza kiungo hicho ni "if" au "whether", kisha mtu kwanza: "Do you know if the office is open?"

Hamali naye huondoka kama kawaida. "Does this boat go to Lamu?" huwa "I'd like to know whether this boat goes to Lamu."

Mara nyingi "if" na "whether" hubadilishana bila tatizo. Lakini chagua "whether" mbele ya "to", kama "I don't know whether to wait", na baada ya vihusishi, kama "We talked about whether the road was safe". Ukitaka kufuatisha "or not" papo hapo, pia ni "whether or not".

Kuna na faida ya kikazi. Ukimwandikia mgeni "Let me know if you need a taxi", aweza kuelewa kwamba akihitaji akuambie, asipohitaji anyamaze. Ukiandika "Let me know whether you need a taxi", ameelewa unangoja jibu kwa vyovyote vile. Aliye mapokezi hotelini na dereva amekaa nje anasubiri ataona tofauti hiyo ina uzito gani.

Hatua ya saba: mtego wa "do you think"

Twasema "Wafikiri yuko wapi?" kama tusemavyo "Wajua yuko wapi?" Kwa umbo ni ndugu. Kwa Kiingereza huachana. "Do you know where he is?" ni sahihi. "Do you think where he is?" si sahihi.

Tazama majibu. Aliyeulizwa "wajua" aweza kujibu "naam, najua" akaishia hapo, swali limejibiwa. Aliyeulizwa "wafikiri yuko wapi" hawezi kukujibu "naam". Atakwambia Mwembe Tayari, au Makupa. Unachotaka ni mahali, na Kiingereza huliweka mbele kabisa neno la kile kinachotakwa: "Where do you think he is?" Hodi imepigwa na "do you", na ndani mtu bado anatangulia: "he is". Hivyo hivyo "When do you think the rain will stop?", "How much do you think it costs?", na pale mtenda ni who, "Who do you think called?" Wanaofuata njia hii ni think, believe, suppose, na say anaposimulia maneno ya mwingine: "Where did she say she worked?"

Hatua ya nane: kusimulia ulivyoulizwa

"Aliniuliza nakaa wapi." Kwa Kiingereza: "She asked me where I lived." Mpangilio ni ule ule uliokwisha kuujua. Kinachoongezeka ni kwamba, mlango wa nje ukiwa wakati uliopita, kitenzi cha ndani nacho kwa kawaida hurudi nyuma hatua moja: live huwa lived, can huwa could, will huwa would. Nafsi pia hubadilika, "you" ya muulizaji ikawa "I" yangu.

Usitie "that". "He asked me that where I was going" hutokana na ile kwamba yetu, au ati yetu ya mazungumzo. Baada ya "asked", neno la kuulizia lenyewe ndilo kiungo, au "if" likikosekana. Wala usitumie "said me".

Alama za kuandika hazina mjadala mrefu: fuata mlango wa nje. Ukipiga hodi, weka alama ya kuuliza. Usipopiga, weka nukta. "I wonder where she is." Nukta.

Ni wakati gani wa kuuliza hivi

Huku kwetu humfikii mtu mzima na swali mkavu. Kwanza salamu, kisha "samahani ami, naomba kuuliza", ndipo swali. Mwingereza adabu hiyo huiweka ndani ya sentensi yenyewe, kwa kulizungushia swali maneno ya nje. "Where is the toilet?" si tusi, lakini kwa mtu usiyemjua "Could you tell me where the toilet is?" hupokewa vizuri zaidi. Kwa bosi, kwa mgeni wa hoteli, kwenye barua pepe, tumia swali la ndani. Kwa rafiki, au pale dakika ni ghali, uliza moja kwa moja. Muuguzi aliye mbele ya majeruhi aseme "Where does it hurt?" na asipoteze muda.

Namna ya kujizoeza

Usianze na vitabu. Andika maswali kumi unayoyauliza kweli kazini kwako, kwa Kiingereza, moja kwa moja. Siku ya kwanza yageuze yote kwa "Do you know". Ya pili kwa "I'm not sure". Ya tatu kwa "He asked me", na hapo ubadilishe wakati pia. Yaseme kwa sauti. Dereva mmoja wa tuk-tuk darasani kwangu alikuwa akiyasema akiwa kwenye foleni ya kuingia feri, na wiki ya tatu "does" ilikuwa imekwisha kumtoka mdomoni.

Anza na haya manane. Ziba majibu kwa mkono kwanza.

1. "What time does the bank open?" Anza na Could you tell me.
2. "Is this matatu going to Mtwapa?" Anza na Do you know.
3. "Who locked the gate?" Anza na I wonder.
4. "Why didn't she answer?" Anza na I don't know.
5. "How much did they pay?" Anza na Can you remember.
6. "Where has he gone?" Tumia do you think.
7. "Can you swim?" Anza na The coach asked me.
8. "Where is the office of the man who sells tickets?" Anza na Can you show me.

Majibu. La kwanza: "Could you tell me what time the bank opens?" La pili: "Do you know if this matatu is going to Mtwapa?" La tatu halibadiliki: "I wonder who locked the gate", na nukta mwisho. La nne: "I don't know why she didn't answer." La tano: "Can you remember how much they paid?" La sita: "Where do you think he has gone?" La saba: "The coach asked me whether I could swim", au "if" ukipenda.

La nane: "Can you show me where the office of the man who sells tickets is?" Ni sahihi, lakini isome kwa sauti usikie "tickets is" zinavyogongana. Mtenda akiwa mrefu namna hii, hata wenyewe Waingereza huukwepa mgongano huo kwa kuliacha swali la ndani kabisa na kuomba kitu chenyewe: "Can you show me the office of the man who sells tickets?" Yule karani wa bandari alipofika hapa alinyamaza kidogo, akachukua kipande cha WHERE na kipande cha IS, akavirudisha kwenye boksi.